Zamu ya Kadi ya Njano

Tulimwita Bibi Kwanini, ingawa hakuwa na mjukuu hata mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani iliyofungwa kwa gundi upande mmoja, na kazi ambayo kwenye kampuni ya kompyuta hakuna anayeitamani: kukagua programu zilizoandikwa na wenzake kabla hazijapelekwa kwa wateja. Wateja wetu walikuwa zahanati na maduka ya dawa. Unampelekea kazi yako umechoka, unataka kusifiwa, naye anabonyeza mara tatu nne kisha anakugeukia. Kwa nini ukibonyeza hapa jina la mgonjwa linapotea? Unarudi kwenye meza yako umenuna. Kesho yake unamshukuru kimoyomoyo.

Alianza kama karani wa kupokea simu, enzi hizo kampuni ni vyumba viwili juu ya duka la viatu, na ukaguzi alijifunza kwa kusikiliza wateja wakilalamika. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa na daftari lenye kila kosa tulilowahi kufanya, na tarehe yake, na mara nyingine neno moja la kututania pembeni: "Tena?" Kosa likirekebishwa, analikata kwa rula. Halikati mpaka amehakikisha kwa macho yake.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi cherehani ambaye figo zilimgomea. Jumanne na Ijumaa mume alishinda hospitali pembeni ya mashine ya kusafisha damu, na mashine hiyo ililipiwa na bima ya kampuni yetu. Siku hizo Bibi Kwanini aliondoka saa tisa kwenda kumchukua, na hakuna aliyehoji. Kazi ikiisha, bima imeisha, na mashine imeisha. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani hatukujua.

Kisha akaja Kocha. Jina tulimpa sisi, lakini alijitakia, maana siku ya kwanza alisimama kwenye chumba cha mikutano akatuambia kwamba kuanzia leo sisi si familia, sisi ni timu. Wawekezaji walikuwa wamemleta atujengee utamaduni wa ushindi. Bosi wetu, ambaye zamani alifagia ofisi kwa mikono yake na kutuazima koti mvua ikinyesha, alikaa nyuma akiitikia kwa kichwa. Kocha hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angefoka, ningejua pa kumshika. Alikuwa na sauti ya upole na aliyajua majina ya watoto wetu.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila mwisho wa mwezi kila mtu katika kitengo chetu cha watu saba anawapanga wote, naye mwenyewe akiwemo, kuanzia wa kwanza hadi wa saba, kwa siri, kwenye kompyuta. Anayewekwa wa saba na wengi anapewa kadi ya njano, na idadi ya kura alizopewa kila mmoja inaonekana kwenye skrini kubwa mlangoni, juu ya mtungi wa maji. Kadi inafutika baada ya miezi sita. Ukipata ya pili kabla ya hapo, unafunga virago. Mtu mmoja aliuliza kwa nini lazima awepo wa saba hata mwezi ambao wote saba wamefanya kazi vizuri. Huna haja ya kuambiwa ni nani. Kocha akatabasamu, akasema hilo ni swali zuri, akaendelea.

Wiki ile ofisi ilipoa. Watu waliacha kusaidiana, kwa sababu dakika unayompa mwenzako inampandisha yeye na kukushusha wewe. Nilimwona kijana mzima akificha skrini yake kwa mkono, kama tulivyofanya darasa la tatu.

Njama ilikuwa ya Bibi Kwanini. Alituita kwenye ngazi za nyuma wakati wa chakula, sote tukiwa na vibakuli mikononi.

"Si mnaujua upatu?" alisema. "Basi tucheze upatu wa kadi. Kila mwezi mmoja anapokea, wengine wote wanampa. Zamu ikimrudia, kadi yake ya kwanza imeshafutika. Hafukuzwi mtu hapa."

Tulicheka mpaka mmoja akapaliwa. Akachora ratiba nyuma ya boksi la dawa za mumewe, namba moja hadi saba, tukaokota vikaratasi. Yeye hakuokota. Alijiandika namba moja, akisema aliyeleta wazo ndiye wa kulijaribu. Mimi nikaangukia namba nne.

Mwezi wa kwanza akapata kadi kwa kura saba. Kocha alimwita, wakazungumza nusu saa kuhusu kujiboresha, akatoka na uso mkavu, na alipofika kwenye ngazi tukampigia makofi. Mwezi wa pili akapokea namba mbili, wa tatu namba tatu. Ila kulikuwa na jambo dogo lililotukera. Miezi hiyo miwili mwenye zamu alipata kura sita tu. Ile ya saba ilimwangukia Bibi Kwanini. Kwa hiyo kati yetu alikuwepo mtu ambaye hakuifuata ratiba, tena mwenye kinyongo na mama wa watu. Tulianza kutazamana kwa jicho la pembeni. Kila mmoja alikuwa na mshukiwa wake moyoni. Mimi nilimshuku kijana wa skrini.

Mwezi wangu ulipofika, Kocha aliniita. Alisema kitengo kinahitaji nahodha na ameniona. Kisha akaongeza, taratibu, kwamba nahodha hawezi kuwa mtu mwenye kadi.

Naomba nisijipambe. Watoto wangu hawakuwa na njaa, wala mwenye nyumba hakuwa akinigongea mlango. Niliutaka ule unahodha, basi. Miaka tisa nilikuwa mtu wa meza ya pembeni, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kutamka kwamba ameniona. Niliwafuata wenzangu watano, mmoja mmoja, penye mtungi wa maji, kwenye lifti, chooni. Nilimwomba kila mmoja anisamehe mwezi huu, mwezi mmoja tu, amweke mwingine yeyote. Kila mmoja nilimwambia nimemwomba yeye peke yake. Nilijiambia kura zitatawanyika, mtu atapata mbili, mwingine mbili, na kadi itamwangukia mtu asiye nayo. Bibi Kwanini sikumfuata. Nilimwonea haya.

Nilipokaa mbele ya kompyuta, mwenyewe nilimweka yeye wa saba. Kura moja ya kinyongo alikuwa akiipata kila mwezi, nikasema mbili hazitamuua.

Jumatatu asubuhi skrini ya mlangoni iliandika jina lake na namba saba.

Tulisimama pale sote, kila mtu na mkoba wake begani. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa ameifanya hesabu yangu ileile. Nikawahesabu wale watano, nikajiongeza, ikawa sita. Nikahesabu tena. Bibi Kwanini aliingia akihema, maana siku hizo lifti ilikuwa mbovu, akainua miwani, akasoma.

"Hiyo moja ni yangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kazi. "Kila mwezi ni yangu. Mkono ulikataa kumwandika mtu wa mwisho, hata kwa mchezo. Nikajiandika mimi. Nilijua nyinyi sita mnatosha."

Hakuuliza lolote. Huyu aliyeuliza kwa nini hata saa ya ukutani ikichelewa dakika mbili, alikwenda kwenye meza yake akawasha kompyuta, akafanya kazi mpaka saa tisa. Ilikuwa Jumatatu, si siku ya hospitali. Nadhani alitaka tu kukaa nyumbani na mumewe kabla ya kumwambia.

Bosi alitokwa na machozi, nasikia, lakini kadi ni kadi. Ombi la Bibi Kwanini lilikuwa moja tu, bima iendelee hata miezi mitatu. Kocha alimjibu kwa upole kwamba utaratibu ukipindishwa kwa mmoja hautakuwa utaratibu tena. Tungeweza kusema. Tungeingia sote sita na kile kiboksi cha dawa, tukaeleza kwamba kadi zote nne ni za uongo. Lakini kula njama lilikuwa kosa la kufukuzwa papo hapo, na mimi tayari nilikuwa nimepewa karatasi ya unahodha nisaini. Nilisaini.

Wiki yake ya mwisho alikagua kazi yangu. Alikuta kwamba ukiandika umri wa mtoto kwa miezi badala ya miaka, programu inakupa dozi ya mtu mzima. Akaandika kwenye daftari, akanionyesha, nikasema nitalishughulikia. Lakini kwenye utaratibu mpya kazi inayorudishwa inashusha alama za kitengo kizima, na mwezi wa kwanza wa nahodha unatazamwa sana. Programu ilikwenda kwa wateja kama ilivyo. Nilipanga tuirekebishe kimyakimya mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata kulikuwa na mambo mengine.

Nilikwenda kwake baada ya wiki saba, nikiwa na kikombe chake alichokisahau. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Mume aliketi karibu na dirisha, miguu imevimba, viatu havimwingii tena. Nikamwamkia, akaniita mwanangu, akaniuliza habari za kazi. Siku hizo alipelekwa kwenye mashine mara moja kwa wiki, tena pale ndugu walipoweza kuchanga. Bibi Kwanini alikuwa amekonda. Nilikaa nikilisubiri lile swali lake. Nilikuwa nimejiandaa kulijibu, nimeyarudia maneno njia nzima. Hakuliuliza. Tulizungumzia lifti.

Niliposimama kuaga, alichukua daftari juu ya kabati.

"Lile la dozi ya watoto, mwanangu. Mlilirekebisha?"

Mume alikuwa akinitazama kwa uso wa furaha, furaha ya mtu aliyepata mgeni.

"Tulilirekebisha, mama," nikasema.

Akafungua ukurasa wa mwisho, akatafuta rula kwenye droo ya cherehani, akalikata lile kosa taratibu, mstari umenyooka. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani.