Misalaba ya Kanali Karvelas

Umewahi kumwona mtu akiuza harusi ya mtoto ambaye hata meno hajaota? Mimi nimemwona, na kijiji chetu kizima humwamkia kwa heshima.

Thrasivulos Karvelas ni wa hapa hapa Agridi, mtoto wa mchunga kondoo. Jeshini aliingia hana hata viatu. Katika vita vya sisi kwa sisi alimbeba baba yangu mgongoni, goti limepasuliwa na risasi, akateremka naye mlimani ndani ya theluji. Hilo ni kweli na silikatai. Laiti angeishia hapo. Alivua magwanda akiwa kanali, akataka kiti cha bunge, na kiti chenyewe akakitafuta ndani ya beseni la ubatizo.

Kwetu, anayekubatizia mtoto amekuwa ndugu, na ndugu hanyimwi kura. Wanasiasa wote walibatiza. Lakini wa zamani walikuwa na haya: huyu wavulana tu, yule wasichana tu, maana watoto wa baba mmoja wa ubatizo ni ndugu, na kanisa haliwaozeshi. Kanali hakuwa na subira hiyo. Aliwapokea wote kama makuruta: mafuta, mshumaa, msalaba wa dhahabu shingoni, haya, mwingine.

Mwaka huu dada yangu Anthi na Stergio, seremala wa bondeni, walikwenda kwa Padri Lambros kupanga harusi yao. Padri akainamisha kichwa. Wote wawili ni wa Kanali. Alisema labda askofu angelegeza sheria, ila Kanali mwenyewe aende akakiri kosa lake.

Jioni ya kuamkia uchaguzi nikamfuata mkahawani, alikokuwa akiwanywesha wazee tsipuro, pombe kali ya zabibu. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akichezea shanga zake za mkononi.

"Anthi yupi?" akauliza.

"Dada yangu, Anthi wa mama Vasilo. Baba yake ulimbeba mgongoni."

"Aa, yule. Kumbe nilimbatiza mimi?" Wazee wakacheka. "Sasa mwanangu, nikienda kwa askofu, si kila mzazi ataniuliza mtoto wake nimemzuia kuoana na nani? Acha kura zipite. Na msichana mzuri vile atakosa mume? Wanaume wamejaa tele."

"Nitajie mmoja hapa kijijini ambaye hukumbatiza wewe, Kanali."

Safari hii hakucheka mtu. Mzee Fotis, mjomba wake Stergio, aliisukuma glasi yake katikati ya meza bila kuinywa. Kanali akasema chuo ninakosoma kimeniharibu, na kwamba bila mgongo wake mimi nisingezaliwa. Niliondoka, nikaenda kumwambia Anthi neno kwa neno. Hakulia. Aliuliza tu kama Kanali kweli alikuwa amemsahau.

Asubuhi Kanali alisimama kwenye lango la shule tunakopigia kura, nishani kifuani, akimpa mkono kila anayeingia. Anthi alikuja na Stergio wameshikana mikono, jambo ambalo hawajawahi kulifanya mbele za watu. Kanali akanyoosha mkono. Dada yangu akafungua mkufu wake, akauweka msalaba kwenye kiganja kile. Stergio akaweka wake juu yake. Mama yangu, ambaye kura yake haijawahi kwenda kwa mwingine, akautazama mkono uliojaa, akampita bila salamu. Nilipogeuka, vijana waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakipapasa mikufu shingoni mwao.