Kaya Zisizokuwamo kwenye Kura

Mpaka nafika mwaka wa tatu wa kusomea takwimu, sikuwa nimewahi kumhoji mtu hata mmoja. Tulijaa ukumbini, wengine wameketi sakafuni, tunanakili fomula ubaoni, na namba za mazoezi mwalimu alizitoa kichwani mwake. Nilizikokotoa vizuri, na nilikuwa na maringo nazo.

Ikaja tasnifu ya mwisho. Ukianguka unarudia mwaka, nami nilishawaambia nyumbani wajiandae kwa mahafali. Nikachagua mnyauko wa migomba kijijini kwetu, Muleba. Mwenyekiti wa kitongoji alinipa orodha ya kaya, nikakata vikaratasi, nikapiga kura, nikapata kaya arobaini. Hizo unazihoji, nyingine unazipita.

Shangazi yangu, aliyenisindikiza, alidhani natania. Nani hupita mlangoni pa mtu anayemwona, asiingie! Hata hatujafika mbali, mzee mmoja ambaye hakutoka kwenye kura alisimama ukingoni mwa kibanja chake cha migomba, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwana wange, kwa jirani umeingia, kwangu unapita. Nimekukosea nini?"

Nikaingia, ningefanyaje? Nikapewa akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo mgeni haikatai, na kwa kuwa migomba ya jirani ilishaandikwa, naye akataka yake iandikwe. Tangu hapo habari ikanitangulia. Nilihoji kila nyumba iliyonikaribisha, na hakuna ambayo haikunikaribisha. Ilinichukua wiki mbili, na nilifurahi kila siku, mjinga mimi.

Akili ilinirudia ndani ya basi la kwenda Bukoba, nikirudi chuoni, furushi la madodoso likiwa mapajani. Nimeharibu kura. Nilipekua madaftari yangu yote, hakuna mahali palipoandikwa afanye nini mtu aliyeshindwa kupita mlango. Mwenzangu wa chumbani akasema niandike tu kwamba wote walitoka kwenye kura, nani atakwenda Muleba kuuliza? Siku tatu nilikaribia kumsikiliza.

Siku ya nne nilikwenda kwa msimamizi wangu, yule yule mwalimu wa namba za kichwani, nikamweleza kila kitu huku natazama viatu vyake. Kisha akauliza kama kila dodoso lina namba ya kaya. Lilikuwa nayo. Akaomba orodha ya kura, akaanza kugawa karatasi mezani, moja huku, moja kule, bila haraka. Alipomaliza kulikuwa na marundo mawili.

"Hili dogo ni sampuli yako, imekamilika," akasema. "Hawa wengine ni majirani. Andika tasnifu kwa hili, na ueleze ukweli kuhusu hawa."

Nikakaa bila kukaribishwa. Sirudii mwaka. Nilitaka kucheka, nikajikuta nafuta machozi kwa kiganja, wala sikuona haya.

Nikanyoosha mkono nichukue vitu vyangu. Rundo la majirani alikuwa bado amelishika, analisoma.

"Madodoso haya naomba uniachie," akasema. "Miaka yote nawafundisha kwa namba za kujitungia. Sijawahi kuwa na za kweli."

Akafungua kabati, akatoa vitabu rafu nzima, akayapanga madodoso humo mwenyewe.