Mti Uliokufa Umesimama

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mvua ilitukuta katika pori la kupanda Kilembwe, mi na shemeji yangu Wilondja, mume wa dada yangu. Tulitoka Swima na mizigo ya chumvi na ndakala kavu, dagaa wa ziwa letu, kichwani. Hizi pikipiki zenu hazikuwapo, ilikuwa miguu tu. Kwenye kuvuka mto, Wilondja akateleza, akazama mpaka shingo. Alipotoka meno yalikuwa yanagongana. Kwanza alicheka. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuniita kwa jina la marehemu kaka yake. Hapo nikajua: nisipowasha moto, nitarudi kwa dada yangu na kilio.

Kiberiti nilikuwa nacho, nimekifunga katika nailoni. Panga nilikuwa nalo, tena kali. Kuni zilijaa chini kila mahali. Nikaokota, nikapanga, nikawasha. Moshi. Nikawasha tena. Moshi tu, na njiti zinaisha.

Akatokea mama mmoja wa milimani, anatoka shambani, kitunga mgongoni. Akasimama, akaniangalia kama mtu anayeangalia mbuzi anayejaribu kufunga mlango. Akauliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Swima.

"Ndiyo maana," akasema. "We mutoto wa ziwa. Kwenu kuni iko inalala ku muchanga, jua inaikausha. Huku kuni yenye kulala inakunywa maji. Tafuta yenye ilikufa na ingali imesimama."

Kweli. Kwetu ziwa linatupa kuni ufukoni, sisi tunaokota tu. Sikuwahi kujiuliza ni nini kinazikausha.

Nikapata mti mwembamba, umekufa, hauna hata jani. Nikaukata. Maji yalikuwa yanatiririka juu yake, nikamwambia mama huu nao umelowa.

"Umeangalia ndani?"

Hakuniacha nipige ovyo. Alinionyesha kusimamisha kipande, kuweka makali ya panga juu yake, na kugonga mgongo wa panga kwa gogo. Kikapasuka. Akachukua kibanzi cha katikati, akakibandika kwenye shavu langu. Kikavu kabisa, mwanangu. Mvua yote ile, ilishindwaje kuingia? Mpaka leo najiuliza.

Tukatandika vijiti vibichi juu ya tope, tukakwangua ule moyo wa mti kwa panga mpaka ukatoa nyuzi za kujikunja. Njiti ikashika. Wilondja akasogea karibu. Tulikaa pale muda mrefu, ndipo akasema, "Asukulu, ndakala iko wapi? Njaa inaniuma."

Jina langu. Nilimpa ndakala zote alizotaka, na zilikuwa za kuuza. Mama nilimpimia chumvi. Akajiongezea mwenyewe.

Mi école, hiyo shule, nilionja tu, na nyumba yangu ya mabati hapa mjini Baraka niliijenga kwa miguu hii na kwa kuuliza. Basi sikia. Ukifika mahali si kwenu, usikimbilie mazoea ya kwenu. Uliza wenyeji wanafanyaje na kwa nini. Wakikucheka, waache wacheke, mradi wakuonyeshe. Na kitu usikitupe kwa sababu kimelowa nje. Kipasue kwanza uone.

Mungu akukutanishe na mtu wa kukuuliza ulizaliwa wapi, njiti zako zikiwa bado zipo. Na popote mvua itakapokukuta, uote moto wako mwenyewe.