Sista Usichungulie na Kitambaa cha Altare

Alizaliwa nyuma ya karakana ya useremala, katika chumba ambamo maranda yaliingia hadi kitandani, akabatizwa siku hiyohiyo kwa kuwa alionekana hatapona. Alipona. Katika karakana ile mtu akijikata, desturi ilikuwa kumwagia kidonda vumbi la msumeno na kulifunika kwa gundi, kisha kazi inaendelea. Baba yake alifanya hivyo siku patasi ilipomkata kidole cha shahada. Kidole kikaoza, kikaondolewa, na tangu hapo fundi yule hakushika randa sawasawa. Binti ndiye aliyemuuguza. Alituambia baadaye sisi masista wenzake kwamba wito wake haukuanzia kanisani, ulianzia kwenye harufu ya kidole kile.

Alipoingia utawani alipewa kutunza sakristia, chumba cha vyombo vya ibada, na kazi ya kufua vitambaa vya altare. Akija mtu na kidole kinachovuja damu, alikisuuza kwa maji safi, akakiwekea kitambaa safi, akakandamiza kwa nguvu, akauinua mkono juu kupita moyo, na hapo akaanza rozari. "Usichungulie mpaka tumalize," alisema. Maana sote tuna ugonjwa huo: tunafunua kuona kama damu imekoma, na kwa kufunua tunaianzisha upya. Kitambaa kikilowa hakukibandua, aliongeza kingine juu yake. Tukamwita Sista Usichungulie, mwanzoni kwa utani.

Wiki ya nadhiri zake za daima, askofu akisubiriwa, seremala aliyekuwa akitengeneza mlango wa sakristia aliteleza na patasi. Damu ikatiririka hadi sakafuni. Naye, kwa mazoea ya mafundi, akachota konzi ya vumbi la msumeno. Sista alimpiga kofi mkononi, vumbi likatawanyika, akanyakua kitambaa cha altare kilichopigwa pasi asubuhi ile kwa ajili ya askofu, akakikandamiza kidoleni. Mama Mkuu aliwakuta hapo, rozari katikati, fundi akibabaika, maana Salamu Maria alikuwa ameisahau tangu kipaimara.

"Sista! Kitambaa cha Bwana?"

"Kilikuwa safi, Mama. Na kilikuwa karibu."

Fundi alishonwa zahanati na kidole kikapona. Lakini Mama Mkuu, mwanamke mwema mwenye shingo ngumu, alizizuia nadhiri mpaka Sista atakapojuta. Tulimsihi, "Jamani, sema tu nisamehe, yaishe!" Hakuweza kujutia kidole cha mtu. Alilia, hilo nalisema wazi, alilia sana jikoni, kwa sababu alizitaka nadhiri zile kuliko kitu chochote duniani. Kila mwaka Mama Mkuu alimwita na kumuuliza, "Umejuta?" Na kila mwaka alijibu, "Kilikuwa safi, Mama," kisha akarudi kufua. Waliokuja nyuma yake wakaweka nadhiri, yeye akiwapigia pasi mashela.

Kwaresima moja Mama Mkuu alijikata akifungua kopo la maziwa. Sista alimketisha, akakandamiza, akauinua mkono, akaanza rozari. Katika tendo la pili la rozari Mama Mkuu akainua pembe ya kitambaa.

"Mama."

Akaishusha. Katika tendo la tatu akaiinua tena.

"Mama, kila kidonda kinapotaka kufunga, unakifungua mwenyewe."

Mama Mkuu aliiachia pembe ile. Machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya kidole. "Na wewe mwanangu, nimekufunua kidonda kila mwaka," alisema. "Nisamehe. Utaweka nadhiri Pasaka."

Siku ya nadhiri Mama Mkuu alitandika altare kwa mikono yake mwenyewe. Alichagua kitambaa kilekile, na doa lake la kahawia ambalo sabuni haikuliweza.

Sista alifariki mzee, na seremala yule wa mlango alikuja kubeba jeneza kwa vidole vyake vyote kumi. Wapo wanaosema mkono wa Sista ulizuia damu kwa muujiza. Hebu! Alikandamiza, basi. Muujiza ni ile miaka aliyongoja bila chuki na bila kusema uongo. Nasi tumwige. Ukijikata leo, suuza, kandamiza, inua mkono, na jeraha likiwa la kina nenda ukashonwe. Na jambo ulilomkabidhi Mungu, ndugu yangu, liache hapohapo ulipoliweka. Usichungulie.