Gari Halikuwa la Marehemu

Watu wakimzungumzia shangazi yangu Mastura siku hizi, huanza na siku aliyotoka nje akiwa edani, kisha wakatikisa vichwa. Hakuna anayeanza na lile gari, wala na mtu aliyelipeleka pale lilipokuwa. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Basi mimi nitaanza na gari. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye mistari myekundu, gari la kufundishia udereva, na upande wa abiria lina breki ya pili. Shangazi alilinunua kwa jasho lake mwenyewe. Miaka kumi na tisa amewafundisha wanawake wa Amirat na Wadi Adai, huku kwetu Maskati, kuendesha: walimu, wauguzi, wasichana wa chuo, hata bibi mmoja wa Qurayyat aliyekuja na miwani miwili, ya kusomea na ya kuonea mbali, akiibadilisha kila penye taa za barabarani. Mimi Noof, binti wa kaka yake, amenifundisha pia, na nimeshindwa mtihani mara tatu. Hilo ni kosa langu, halimhusu yeye.

Mumewe, Asaad, aliyekuwa karani bandarini Matrah, alifariki mwanzoni mwa Disemba. Shangazi akaingia eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila manukato wala mapambo, na bila kuzungumza na wanaume wasio maharimu zake, wale anaoweza kuolewa nao, pasipo haja. Nikahamia kwake kumtumikia. Neno lolote la kwenda kwa shemegi yake Musallam, mdogo wa marehemu anayekaa nyumba ya pili, nikawa nalipeleka mimi.

Siku ya kwanza ya msiba Musallam aliomba ufunguo wa gari, eti alisogeze wageni wapate pa kuegesha. Akaliteremsha wadini, kwenye ule mkondo wa mto usio na maji nyuma ya nyumba zetu, akaliweka chini ya mkunazi mkubwa. Sisi watu wa Maskati tuna ugonjwa wa kivuli. Miezi minane ya mwaka jua linapasua dashibodi na kubabua rangi, kwa hiyo mtu akiuona mti anakimbilia chini yake, hajiulizi kwa nini umenawiri pale na si kwengine. Lakini ile ilikuwa Disemba. Jua halikuwa na makali yoyote, na zile mvua zetu chache zenye kubomoa huja katika miezi hiyo hiyo ya baridi.

Msiba ukaisha, gari halikurudi na ufunguo haukurudi. Musallam akalifunika kwa turubai, akalikaza kwa kamba za wavuvi, akachomoa na waya wa betri. Alijiona amelitunza vizuri mno, na kila aliyepita alimwonyesha. Shangazi akalitazama kutoka dirisha la jikoni, akaniita.

"Mwambie Musallam turubai lile linasugua vumbi kwenye rangi, na unyevu unabaki ndani. Majani ya mkunazi yanaziba matundu ya maji chini ya kioo cha mbele. Na gari lisipowashwa kila wiki linakufa. Alirudishe hapa juu, penye saruji, kabla ya mvua. Halafu mwambie hili gari langu mimi. Nnamsikia huko nje analiita gari la marehemu."

Sasa nikiri. Nilipofika kwa Musallam sikusema hivyo hata kidogo. Nilisema, "Ami, shangazi anakusalimu sana, anauliza kama utapata nafasi ya kulisogeza gari." Niliona ndiyo adabu. Ndivyo tulivyolelewa kwetu, neno la hasira lipitie kwa mdogo ili lipoe njiani.

Musallam alikuwa akinywa kahawa barazani, hakuweka kikombe chini. "Mwambie shemegi asijishughulishe, akae na eda yake. Gari liko kivulini. Akishatoka, tutakaa tuangalie la kufanya nalo."

Tutakaa nani na nani? Tuangalie nini? Hayo nilijiuliza njiani, na bado niliporudi nilimwambia shangazi kwamba Musallam kasema inshaallah. Wiki saba nilikwenda na kurudi namna hiyo. Kila mara shangazi aliniuliza kama nimesema kama alivyosema yeye, na kila mara nilimjibu ndiyo. Alikuwa na ufunguo wa akiba kabatini, na wanafunzi wake wa zamani wangekuja mbio kama angewapigia simu, lakini hakutaka. Alisema aliyelichukua ndiye atakayelirudisha, tena mchana, watu wakiona.

Mwishoni mwa Januari simu zote zikaleta tahadhari moja: mvua kubwa, radi, mvua ya mawe, watu wakae mbali na mabonde. Nilikwenda kwa Musallam asubuhi na mapema, na safari hii sikupoza maneno sana. Alicheka. "Wanasema hivyo kila mwaka, mwanangu. Mvua ikija nitalitoa."

Mvua ilikuja alasiri, yeye akiwa msikitini. Kwanza mawe madogo ya barafu yaligonga mabati ya banda la mbuzi, kisha maji yakamwagika, na upande wa milimani kukawa na mngurumo usiokatika. Nilimpigia simu Musallam mara tano, imezimwa. Wadini palitokea mchirizi wa maji ya udongo, mwembamba, ukajipenyeza kati ya kokoto mpaka kwenye tairi za mbele. Nilianza kulia. Nilikuwa na miguu miwili mizima na sijui kuendesha gari.

Shangazi alikuwa ameshavaa buibui. Mkono mmoja ufunguo, mkono mwengine kisu cha jikoni.

"Shangazi, eda," nilisema.

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyesahau kufunga mkanda. "Eda yangu naijua, na dharura naijua. Chukua spana namba kumi kwenye droo."

Tuliteremka. Alikata kamba moja moja huku akitaja jina la Musallam kwa kila kamba, na sitayaandika aliyoyaongeza. Turubai tuliliachia likachukuliwa na upepo. Maji yalikuwa yamefika vifundoni. Alifungua mlango, akavuta boneti, nikaishikilia kwa mikono miwili huku yeye akirudisha waya wa betri na kuukaza kwa spana. Maji yakapanda nusu ya muundi. Alipowasha, gari lilikohoa, likanyamaza. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu likashika, na shangazi akalipandisha ule mteremko kwa gia ya kwanza, mguu haubanduki kwenye mafuta, mimi nyuma nikikimbia na ndara moja.

Lilipofika kwenye saruji mbele ya nyumba niligeuka. Mahali lilipokuwa limeegeshwa palikuwa na maji mekundu yanayobiringisha mawe, na mkunazi ulikuwa umezama mpaka kwenye matawi ya chini.

Shangazi hakushuka. Alishika usukani kwa mikono miwili akalia kwa sauti, akimwita Asaad, akimlaumu kwa kumwacha na watu hawa. Tangu siku ya mazishi sikuwahi kumsikia akilia.

Hapo ndipo Musallam alipotokea akitoka msikitini na wanaume wengine wanne, kanzu wamezikunja mpaka magotini. Hakuangalia wadini. Alimwangalia mwanamke wa eda aliyekaa kwenye usukani, kisha akanigeukia mimi.

"Noof, mwambie shangazi yako ashuke aingie ndani. Watu wanatazama."

Alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nilifungua mdomo, na Mungu anajua nilikuwa tayari kutafuta maneno laini. Kioo cha gari kikateremka.

"Musallam, mwache mtoto. Haya ni mambo ya haja, nitayasema mwenyewe. Hili gari langu. Nimelinunua mimi, nimelifanyia kazi mimi, na kaka yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikaa kiti cha pembeni na hakuona aibu. Umelichukua kwa ajili ya wageni ukaliweka njia ya maji kwa wiki saba. Nimekutumia maneno kila wiki. Nataka ufunguo wangu."

Wale wanaume wakatazama chini. Musallam alijipapasa mfukoni, akautoa ufunguo, na bila ya kumtazama shangazi akaninyooshea mimi ili nimpelekee.

Nilirudi nyuma, mikono nikaificha ndani ya buibui. Ikambidi aupeleke mwenyewe.