Darmi wa Garsen na ndama wake wa mpira

Saa moja asubuhi, Darmi Huka anapuliza mguu wa kiboko. Valvu ameibana midomoni, mashavu yamemjaa, na mguu mweusi wa mpira unainuka taratibu kutoka mkekani. Akisharidhika, anauzamisha kwenye karai la maji. Vipovu vinapanda juu.

"Huyu ni kiboko wa kuogopa maji," anasema, na kuanza kusaka tundu kwa ncha ya kidole.

Kibanda chake kiko nyuma ya karakana ya pancha mjini Garsen, mahali ambapo malori ya barabara ya Malindi husimama kujaza upepo. Ukutani wananing'inia wanyama ambao bado hawajapulizwa: bata, chura, mamba, kasa, wote wamelala bapa kama nguo zilizoanikwa. Wakipulizwa wanapata sura, na watoto wanaopita kwenda shule hukawia hapo mpaka wafokewe.

Malighafi yake ni tyubu kuukuu za magurudumu. Tyubu ya lori humpa tumbo na mgongo, ya bodaboda humpa miguu na shingo, ya baiskeli huishia kuwa mkia. Kwanza anamchora mnyama kwenye kipande cha boksi, anakikata, anakilaza juu ya mpira na kuzungusha chaki. Kisha zinafuata makasi, msasa, solusheni ya kuzibia pancha, na jiwe zito la kukandamizia viungo mpaka vishike.

Ukikaa naye kidogo tu utagundua kwamba ana ugomvi wa siku nyingi na mpira.

"Mpira hana adabu," anasema. "Ukimpa upepo, yeye anataka kuwa duara. Wewe unataka mgongo, yeye analeta tumbo."

Dawa aliyoivumbua mwenyewe ni kubandika vipande vya kitambaa kigumu upande wa ndani, ili mpira ukivimba uvimbe pale anapotaka yeye. Kiboko na chura hawamsumbui, kwa kuwa waliumbwa duara tangu mwanzo. Twiga ndiye aliyemtoa jasho. Kila aliyemtengeneza shingo ilimlalia begani, hadi Darmi akakata tamaa, akawakatakata wote na kuwafanya bata.

Kiboko mmoja huuzwa shilingi mia tatu na hamsini. Mnunuzi wake mkubwa ni Rachael, mwenye duka kule Tarasaa, ambaye humwagiza viboko kuliko mnyama mwingine yeyote. Wakulima wa kando ya mto wanamchukia kiboko kwa sababu anawafyekea mahindi usiku, lakini watoto wao hawataki kulala bila kiboko wa Darmi ubavuni. Kila mzazi anayenunua hupewa onyo lile lile kabla ya chenji yake: asimpeleke mtoto na mwanasesere huyo mtoni, kwa maana mtoni wako wa kweli.

Katika kibanda chote hakuna ng'ombe hata mmoja. Hilo linashangaza, kwa mwanamke aliyezaliwa katika boma la Waorma na kukulia nyuma ya mikia ya ng'ombe. Watoto wamemwomba ng'ombe mpaka wamechoka. Anapoulizwa sababu, Darmi anafuta mikono yake kwa leso.

"Ng'ombe si wa kuchezea," anasema. "Tena mimi nikianza kumchora, mkono wangu unachora mmoja tu."

Huyo mmoja anaitwa Dalacha, jina ambalo kwa Kiorma ni rangi ya majivu. Alizaliwa mikononi mwa Darmi, na alipokua ni yeye aliyemkamua kila asubuhi na kila jioni, maana kwao kukamua ni kazi ya mwanamke. Ukame wa mwaka 2022 ulipoingia, kundi la familia lilianguka mmoja mmoja, na waliobaki wakasukumwa hadi karibu na barabara ya Garsen kutafuta maji. Hapo Dalacha akazaa, na ndama akafa.

Ng'ombe wengi wa huku wakifiwa na ndama hufunga maziwa. Ndiyo maana wafugaji humchuna ndama, huijaza ngozi nyasi, kisha huisimamisha mbele ya mama yake. Akiilamba na kunusa harufu ya mwanawe, maziwa hushuka. Lakini mwaka ule hata nyasi za kujazia ngozi hazikuwepo.

Darmi akaokota tyubu iliyotupwa nje ya karakana ya pancha, akaifunga kamba hapa na pale ipate kichwa na tumbo, akaivika ngozi. Dalacha akalamba. Maziwa yakashuka.

Mwenye karakana ni Komora, Mpokomo wa jamii ya wakulima wa kando ya mto, mwenye maneno mengi, ambaye hadi leo hamsamehi. "Niliona mama anakimbia na tyubu yangu nikajua ni mwizi," anasema huku akicheka. "Nikamfuata. Nikakuta ng'ombe ananyonyesha pancha. Nikarudi kazini."

Ni Komora aliyemfundisha kubandika valvu na kuziba viungo, wakati Sadia, binti wa Darmi, alipomng'ang'ania ndama yule hata baada ya ngozi kuchakaa na kuvuliwa. Watoto wa majirani nao wakataka wa kwao. Hivyo ndivyo biashara ilivyoanza, bila mtu kuipanga.

Mwaka uliofuata mumewe alifariki. Shemeji yake, Godana, akawachukua ng'ombe waliosalia kwenda malisho ya mbali, Dalacha akiwa miongoni mwao. Darmi akabaki mjini ili Sadia asome. Kwa desturi yao, anayetembea na ng'ombe ndiye anayekunywa maziwa, na Darmi hana neno na hilo. Alimkabidhi Dalacha kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu.

"Godana hakunikosea," anasema. "Lakini jioni mikono hii inawasha. Saa ya kukamua inaijua, hata mimi nikiwa nimesahau."

Kwa hiyo simu aliyopigiwa wiki hii ilimkuta pabaya. Godana ameteremsha kundi hadi nyasi za delta, wamepiga kambi mwendo wa saa moja nje ya mji, na sasa mawingu yameanza kujikusanya. Mvua ikigonga wanapanda tena bara. Dalacha amezaa na ndama amekufa siku ya pili. Anapiga teke kila anayemkaribia. Asli, mke wa Godana, ana mtoto ambaye hajatimiza mwaka, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakisubiriwa.

Godana alimweleza wazi: atengeneze ndama kama yule wa zamani. Ikishindikana, hawezi kutembea na ng'ombe asiyetoa kitu. Atamwachia yeye hapa Garsen.

Darmi hakulala. Alfajiri alikuwa kwa Komora kuuliza kama ana mabua ya mahindi shambani ya kumlisha Dalacha.

"Ng'ombe mmoja si kundi, hatanimalizia shamba," Komora alimjibu. "Mabua ninayo. Njia ya kumpeleka majini pia nitakupa. Lete mgeni wako."

Ilimbidi achague kama atamtengeneza ndama mzuri au mbaya. Anakiri bila kuzunguka kwamba wazo la kumharibu makusudi lilimpitia, na kwamba halikupita haraka. Hata hivyo alichora, akakata, akabandika. Mgongo ameunyoosha, miguu minne inasimama yenyewe. Ndiye ng'ombe wake wa kwanza tangu aanze kuziita kazi zake kwa majina ya wanyama.

Alasiri kambini, Darmi anamtoa ndama kutoka kwenye gunia akiwa bapa, anamvika ngozi ya ndama aliyekufa, iliyosuguliwa chumvi, anaunganisha pampu ya baiskeli. Ndama anavimba, anasimama. Watoto wa kambi wanashangilia. Godana, mwanamume mrefu asiye na haraka, anamzunguka akimkagua.

"Shemeji, hii kazi," anasema. "Hii ni mtoto kabisa."

Dalacha yuko pembeni, mbavu zinahesabika, pembe moja imepinda kuelekea jicho. Darmi amesimama mbali naye kidogo tu, na miaka yote ile ameingoja siku hii. Hamwiti. Anasema baadaye kwamba aliogopa hataitika.

Ndama anawekwa mbele. Dalacha anasogea, anashusha pua, anavuta pumzi. Kisha anampiga kichwa. Ndama wa mpira anaruka juu, anadunda chini, anadunda tena, na Dalacha anatimua mbio hadi ukingoni mwa boma. Watoto wanacheka mpaka wanashika matumbo.

Wakubwa hawacheki. Asli anageuza uso wake. Mgongoni mwake mtoto analia kilio kile cha chini ambacho hakiombi tena, na Asli anamtikisatikisa.

"Basi, Mama Sadia," Godana anasema, kwa sauti ya mtu anayefunga shauri. "Mungu amekupa. Bakia na ng'ombe yako."

Na hapo Darmi alikuwa nacho alichokitamani. Hakuna ambaye angemlaumu. Ndama amejaribiwa, ameshindwa, mabua yanangoja, na njia ya kwenda majini imeshafunguliwa. Ilikuwa ni kuokota gunia lake tu na kukata kamba ya kumfungia ng'ombe.

Lakini fundi alikwisha kuliona kosa. Aliliona tangu ndama alipodunda mara ya kwanza. Kwa mazoea ya miaka ya kuwatengenezea watoto, alikuwa amempuliza ndama mpaka akakaza. Mnyama wa kuchezea lazima akaze, akilegea mteja anarudisha. Ndama wa siku mbili hakazi. Hulegea, magoti humkunjika, humwegemea mama yake kwa uzito wote.

Darmi anamtazama Asli. Kisha anamtazama Dalacha, na macho yake hayatoki pale haraka.

"Ngojeni," anasema.

Anapiga magoti, anafungua valvu, na upepo unatoka kwa mluzi mwembamba. Anaubana, anautikisa mwili, anaufungua tena. Mgongo alioupigania asubuhi nzima unabonyea. Miguu inajikunja. Anamimina maji kwenye mifuko ya miguu ili ndama apate uzito chini, anasugua ngozi upya kwa chumvi na kwa majani aliyolalia ndama halisi. Kitu kinachobaki ni kibaya kwa macho, na watoto wanapoteza hamu nacho.

Safari hii anakibeba mwenyewe, anakiegemeza kwenye mguu wa mbele wa Dalacha, na anaanza kuimba chini kwa chini, jina la ng'ombe na mluzi, jina na mluzi. Dalacha ananusa. Sikio linageukia sauti. Ananusa tena, kwa muda mrefu, halafu ulimi unatoka na kuanza kulamba shingo ya ngozi ile, kwa nguvu, kama anayekasirika kwa kucheleweshwa.

Darmi anaingiza mikono chini ya kiwele. Maziwa yanagonga ndani ya kibuyu.

Asli anachutama na kupokea kibuyu kikiwa bado na joto. Darmi anaendelea kukamua, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, na analia waziwazi bila kujificha. Godana anaondoka kwenda kuangalia kamba ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Kabla ya giza, Darmi amemfundisha Asli kila kitu: upepo wa kiasi gani, maji ya kiasi gani, namna ya kuziba pancha mwiba ukiingia, na ule wimbo. Wimbo ndio uliochukua muda zaidi. Alikuwa akimrekebisha Asli, kisha anasahau kumrekebisha, anauimba mwenyewe hadi mwisho.

Siku mbili baadaye mvua inagonga na kundi linapanda bara. Asli ametangulia, mtoto wake mbele kifuani, ndama wa mpira mgongoni. Dalacha anamfuata hatua kwa hatua, pua karibu na ngozi, bila kugeuka kulia wala kushoto. Anapita mbele ya Darmi kwa umbali wa mkono. Darmi anamgusa ubavu, na ubavu unapita chini ya kiganja mpaka unakwisha.

"Ningemtengeneza vibaya, leo Dalacha angekuwa kwa Komora anatafuna mabua," anasema, akiwa bado amesimama barabarani baada ya vumbi lote kutulia kwa mvua. "Nilijua. Nilimtengeneza vizuri nikijua."

Anasema Godana ameahidi mbele ya mkewe: Dalacha akizaa tena, na akiwa jike, ndama huyo ni wa Sadia na ataletwa Garsen. Komora amekwisha kuanza kuzungushia uzio mahali, ingawa hakuna aliyemtuma. Viboko wa Rachael wanangoja kibandani na solusheni inakaribia kukauka, lakini Darmi hana haraka ya kurudi.

"Kila mnyama ninayemtoa, namwombea adumu," anasema. "Huyu ndama wa mpira peke yake ninamwombea akose kazi. Azaliwe wa kweli, asimame, anyonye. Halafu wanirudishie mpira wangu ukiwa mtupu."