Siku Niliyomiliki Jumba la Bofa

Ndugu zangu, chumba changu kimoja cha kupanga Mtwapa kilinitosha vizuri, mpaka Mzee Karisa, baba wa mchumba wangu, aliposema anakuja kuona mahali bintiye atakapoishi. Mtu mwenye akili angefagia chumba, akapika chai. Mimi, kwa hekima yangu kubwa, nilimwomba binamu yangu, mlinzi wa jumba la Mzungu mmoja kule Bofa, aniachie funguo mchana ule tu.

Nikampokea mzee langoni kama sultani.

"Shikamoo, baba. Karibu kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yote hii ni yako?"

"Ya kawaida tu, baba. Mimi sipendi makuu."

Tukaketi kwenye viti vyeupe, nikajisifu mpaka koo likanikauka. Kisha mzee akainuka.

"Hebu nionyeshe msalani."

Nikafungua mlango wa kwanza kwa madaha: mifagio. Wa pili: mashuka. Wa tatu ulikuwa umefungwa kwa ufunguo nisioujua. Mzee, mapaja ameyabana, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akaniuliza taratibu, "wewe hapa kwako hujisaidia wapi?"